Je, Wajua? Saa ya Dar, Jua la Kigoma

Je, wajua kwamba mtu wa Kigoma akifuturu kwa adhana ya magharibi inayosikika redioni kutoka Dar es Salaam, saumu yake imeharibika? Jua lake bado liko juu ya Ziwa Tanganyika, na lina zaidi ya nusu saa kabla ya kuzama. Dar iko kwenye longitudo ya 39.3 mashariki, Kigoma 29.6. Dunia hutumia dakika nne kuzunguka digrii moja, kwa hiyo jua likishatoka Dar linahitaji kama dakika 38 kufika Kigoma. Mwanza ni kama dakika 25, Bukoba kama 30. Ratiba ya Ramadhani iliyochapwa kwa ajili ya Dar haimfai mtu wa huko mpaka aongeze dakika za mji wake, na waumini wa magharibi ya nchi wanalijua hilo kuliko mtangazaji yeyote.

Na asubuhi je? Mwezi Julai jua la Kigoma huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Ofisi za serikali Tanzania hufunguliwa saa moja na nusu. Karani wa Dar anafika kazini jua limeshapanda, mwenzake wa Kigoma ameamka na kutembea gizani. Jioni karani wa Kigoma analipwa deni lake: saa kumi na mbili na nusu Dar imeshawasha taa, na yeye bado anacheza bao nje kwa mwanga wa Mungu.

Kwa hesabu ya jua tupu, Kigoma si ya ukanda wa Dar kabisa. Zidisha longitudo yake kwa dakika nne utapata saa mbili kasoro dakika moja na nusu mbele ya Greenwich. Hiyo ndiyo saa ya Bujumbura na Kigali, ng'ambo tu ya mpaka.

Ukanda wetu, GMT+3, umejengwa juu ya mstari wa longitudo ya 45 mashariki. Je, wajua mstari huo unapita wapi? Haukanyagi Tanzania, wala Kenya, wala Uganda. Unapita Somalia, mashariki ya Ethiopia na Madagascar. Tukitazama miji mikuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mmoja mmoja, mambo yanachekesha. Mogadishu, Kigali, Gitega na hata Kinshasa, saa zake za ukutani zinakaribiana sana na jua lake. Miji iliyoachana na jua ni ile ya nchi tatu waasisi: Nairobi kwa wastani wa dakika 33, Dodoma 37, na Kampala karibu 50. Kampala saa sita mchana ya saa ya mkononi, jua bado linapanda. Kivuli kinakuwa kifupi kabisa ikikaribia saa saba.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kutumia saa ya robo? Mwaka 1908 nchi hiyo iliwekwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, ambayo kwa jua la Nairobi ilikuwa karibu sawa kabisa. Mwisho wa Juni 1928 saa zikasogezwa zikawa tatu kamili. Haikudumu: mwanzoni mwa 1930 zikarudishwa mbili na nusu. Mwisho wa 1936 ikaja suluhu ya ajabu, saa mbili na dakika 45, na watu wakaishi hivyo kwa zaidi ya miaka mitano, hadi mwisho wa Julai 1942 saa tatu kamili iliporudi na kubaki mpaka leo. Fikiria fundi saa wa Nairobi akieleza wateja kwa nini anawazungushia mishale kwa mara ya nne. Anayeona robo saa ni mzaha wa wakoloni aende Nepal, ambako saa iko mbele ya Greenwich kwa saa tano na dakika 45 hadi leo. Liberia ndiyo iliyovunja rekodi barani: mpaka Januari 1972 ilikuwa nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na sekunde 30.

Je, wajua kwamba ukiinunua saa ya mishale Tokyo na ukaja nayo Dar bila kuigusa, itasoma Kiswahili sanifu? Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, mshale wa Tokyo uko kwenye moja. Hapa saa tano usiku, wa Tokyo uko kwenye tano. São Paulo nayo ni vivyo hivyo, ila kwa kurudi nyuma, tangu Brazil ilipoacha kubadili saa mwaka 2019. Wazee waliokuwa wakizungusha saa zao ili jua likichwa mshale uwe kwenye kumi na mbili walikuwa, bila kujua, wanaishi kwa saa za Japani.

Hesabu hiyo ya kuanzia mapambazuko na machweo si ya Waswahili peke yao. Waganda wanahesabu hivyo, Wanyarwanda na Warundi vilevile, na Ethiopia yote. Inafaa zaidi mahali ambapo mchana na usiku vinagawana karibu sawa mwaka mzima. Kule Stockholm, ambako Desemba jua huonekana kwa muda wa saa sita tu, saa moja asubuhi ya jua ingetangatanga kama mbuzi asiyefungwa. Serikali zetu nazo hazioni haya kuitumia: tangazo la EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, la bei kikomo za mafuta huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 6:01 usiku. Hakuna mwenye kituo cha mafuta Tanzania aliyewahi kuuliza ni saa sita ya nani.

Shida inaanza kwenye tiketi. Shirika la ndege linaandika 01:00, abiria anasoma saa moja. Na hata anayejua kuongeza na kutoa sita anaweza kuteleza kwenye tarehe. Ndege nyingi za kwenda mbali huondoka Dar na Nairobi karibu na saa sita usiku. Tiketi ikiandikwa Jumamosi 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi, maana yake Ijumaa jioni uwe umeshafunga sanduku. Anayefika uwanjani Jumamosi usiku amechelewa siku nzima. Magazeti yetu yametatua tatizo hili zamani kwa maneno hayo matatu, "usiku wa kuamkia," na sijui kwa nini mawakala wa safari hawayaandiki kwa kalamu nyekundu juu ya kila tiketi.

Je, wajua kwamba ndege ya Entebbe kwenda Kigali hufika kabla haijaondoka? Safari yenyewe haitimizi saa moja, na Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa nzima. Ukiondoka saa nne asubuhi, unakanyaga ardhi ya Kigali saa nne haijafika. Kurudi, safari hiyo hiyo inakula karibu saa mbili za siku yako.

Kwenye mipaka ya nchi kavu ndege hazipo, ila saa inaruka vilevile. Rusumo na Kabanga upande wa Tanzania ziko mbele ya Rwanda na Burundi kwa saa moja. Tunduma iko mbele ya Nakonde ya Zambia, na kati ya miji hiyo miwili watu wanavuka kwa miguu kwenda kununua mchele au kurudi na mifuko ya mahindi. Bunagana ni jina la mji wa Uganda na pia la mji wa Kongo, unaotenganishwa na lango tu, na pande zake mbili hazitumii saa ileile. Ukikaa karibu na mpaka, simu inayojirekebisha yenyewe ni adui: ikinasa mnara wa upande wa pili inahamia saa ya huko, na kengele ya alfajiri inalia umechelewa au inakuamsha bure. Wenyeji huzima urekebishaji huo mapema. Ukipanga nao miadi watakuuliza kwanza, "saa ya wapi?"

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, inapita katikati ya tatizo hili, kwa hiyo abiria anayehesabu vituo kwa saa yake ya Dar atadhani treni imechelewa zaidi upande wa Zambia. Kwa TAZARA, hilo ni jambo la kuaminika haraka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina saa tatu tofauti. Mkutano wa mtandaoni ukiitishwa Arusha saa nne asubuhi, Kigali, Bujumbura, Juba na Goma ni saa tatu, na Kinshasa ni saa mbili. Juba ilikuwa nasi kwenye saa moja hadi 1 Februari 2021, Sudan Kusini iliporudisha mishale nyuma. Siku hiyo madereva wa malori ya Mombasa wanaopitia Nimule walipata mpaka mpya wa saa ambao haukuwapo jana yake.

Lakini nchi inayostahili kusimuliwa kwa kituo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni nchi moja yenye saa mbili tofauti: magharibi, kunakozungumzwa sana Kilingala, ni GMT+1, mashariki, kunakozungumzwa sana Kiswahili, ni GMT+2. Lubumbashi, Goma, Bukavu, Kisangani, Kindu, zote ziko mbele ya mji mkuu wao kwa saa nzima. Ofisi ya Kinshasa ikifungua saa mbili asubuhi, Lubumbashi ni saa tatu, na meneja wa tawi ameshakaa saa nzima akingoja mtu wa makao makuu apokee simu. Jioni mambo yanageuka: Kinshasa inakumbuka jambo la haraka saa kumi, na Lubumbashi watu wanatafuta funguo za gari. Saa mbili za kazi zinapotea kila siku, moja asubuhi na moja jioni, hata kabla mtandao haujakatika.

Mfanyabiashara wa Lubumbashi ana mzigo wake wa pili. Bidhaa zake nyingi zinatoka bandari ya Dar, ambayo iko mbele yake kwa saa moja. Lori linatoka Dar, linavuka Tunduma na kupata saa moja kwenye karatasi, linapita Zambia, linaingia Kasumbalesa bila saa kubadilika tena. Wakala wake wa forodha Dar anafunga kazi ofisi za serikali zinapofunga saa tisa na nusu, ambayo Lubumbashi ni saa nane na nusu na Kinshasa saa saba na nusu mchana, watu wanakula fufu. Hati inayohitaji sahihi ya Kinshasa na muhuri wa Dar kwa siku moja ina dirisha la saa tano na nusu tu, kuanzia saa nne za Dar. Ukiikosa, lori linalala na dereva anadai posho ya usiku.

Siku ya uchaguzi ndiyo tofauti hiyo huonekana na kila mtu. Vituo vikitangazwa kufunguliwa saa ile ile ya mtaani nchi nzima, mashariki wanaanza kupiga kura Kinshasa ikiwa bado imelala, na wanafunga kwanza pia.

Je, wajua kwamba Makka iko kwenye longitudo ya 39.8, karibu sawa kabisa na Mombasa? Adhuhuri ya jua inafika miji hiyo miwili katika dakika moja, na saa zao za ukutani zinalingana pia, maana Saudi Arabia nayo ni GMT+3. Ndiyo sababu kibla cha pwani yetu ni kaskazini: tazama mihrabu za misikiti ya kale kuanzia Lamu hadi Kilwa. Anayekwenda Umra akitokea Zanzibar harekebishi saa yake hata kidogo. Istanbul imejiunga na saa yetu tangu 2016 ilipoacha kubadili majira, na Moscow tangu Oktoba 2014.

Muscat iko mbele kwa saa moja tu, lakini ndugu wa Oman wanaofanya biashara na Unguja wanajua kwamba saa siyo kizuizi chao. Kizuizi ni siku. Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, yetu ni Jumamosi na Jumapili. Zinabaki siku nne za pamoja, Jumatatu hadi Alhamisi, na hati iliyotumwa Alhamisi jioni itasomwa Muscat Jumapili, wewe uko kanisani au ufukweni.

Je, wajua kwamba nusu ya Kariakoo huamka kwa saa ya Guangzhou? China iko mbele yetu kwa saa tano. Soko la jumla likifungua saa nne asubuhi huko, Dar ni saa kumi na moja alfajiri. Likifunga saa kumi na mbili jioni, Dar ni saa saba mchana. Kwa hiyo mwagizaji mwenye nguo au vipuri vya simu hupiga picha, hupatana bei na kutuma malipo kabla ya chakula cha mchana. Akichelewa mpaka alasiri, jibu litakuja kesho. Wachina wenyewe wana kisa chao: tangu 1949 nchi nzima inatumia saa ya Beijing, ingawa upana wake ungetosha kanda tano. Huko Xinjiang wengi huweka saa mbili kichwani, ya serikali na ya mtaani, zikipishana kwa saa mbili. Dakika 38 za Kigoma ni mchezo wa watoto.

Upande wa pili wa dunia mambo ni ya usiku. Kijana wa Nairobi anayejibu wateja wa kampuni ya New York huingia kazini saa kumi na moja jioni na kutoka saa saba usiku, kipindi cha baridi cha huko. Machi saa za Marekani zikisogezwa, ratiba yake inahamia saa kumi jioni hadi saa sita usiku, yeye hajagusa kitu. Nauli ya kurudi nyumbani inabadilika kwa saa hiyo moja, maana matatu za saa sita na za saa saba si bei moja. Dola nazo hufuata usiku huohuo: malipo ya dola kati ya nchi na nchi aghalabu hupitia benki za New York, zinazoamka jioni yetu. Ukituma Ijumaa baada ya saa za benki, usimsumbue mpokeaji kabla ya Jumatatu usiku.

Maua ya Naivasha yanafaidika na tofauti hii. Februari, msimu wa Valentine, Uholanzi iko nyuma ya Kenya kwa saa mbili. Ndege ikiondoka Nairobi saa sita usiku na kuruka kwa saa nane na kidogo, inatua Amsterdam kabla ya saa moja asubuhi ya huko. Waridi limesafiri usiku mzima na bado limewahi siku ya mnada. Majira yakibadilika, zawadi inapungua ikawa saa moja.

Kwa Waafrika Mashariki wengi, habari kwamba Ulaya imebadili saa huletwa na mpira. Mechi ya Ligi Kuu ya England ya Jumamosi saa tisa alasiri kwa London huonekana hapa saa kumi na moja jioni msimu unapoanza Agosti. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha mishale, na kuanzia wiki inayofuata mechi ileile ni saa kumi na mbili. Mwenye kibanda umiza anajua maana yake: mechi inaingilia magharibi, wateja Waislamu wanachelewa kipindi cha kwanza, soda za mapumziko zinauzwa usiku. Ligi ya Mabingwa ni kali zaidi. Septemba filimbi ni saa nne usiku, Novemba ni saa tano, na mchezo wa muda wa nyongeza unaisha karibu saa nane. Sijaona utafiti wowote juu ya usingizi kazini Jumatano na Alhamisi, ila wakuu wa idara wengi wangeweza kuuandika bila kutoka ofisini.

Kwa nini sisi hatubadili saa? Kwa sababu hakuna cha kuokoa. Karibu na ikweta mchana wa Juni na wa Desemba unapishana kwa dakika tu: Nairobi ni chini ya dakika kumi na tano mwaka mzima. Misri, iliyo kaskazini zaidi, ilirudia kubadili saa mwaka 2023. Namibia iliacha mwaka 2017.

La mwisho ni la wanafunzi wanaoomba ufadhili wa masomo ng'ambo. Fomu ikisema mwisho ni 23:59 bila kueleza zaidi, chukulia ni saa yako, au ya kwao ikiwa wako mashariki yetu, ulale salama. Ikisema 23:59 GMT, una hadi saa tisa kasoro dakika moja usiku huohuo. Ikisema saa ya London na ni majira ya joto, toa saa moja. Lakini yako mashirika na mikutano ya kitaaluma inayoandika kwamba mwisho ni popote duniani ambapo tarehe hiyo haijaisha. Hapo hesabu ni ya GMT kutoa 12, saa ya visiwa vya Baker na Howland katikati ya Pasifiki, mali ya Marekani, visivyokaliwa na mtu. Kwa saa za Afrika Mashariki mlango huo unafungwa kesho yake saa nane na dakika 59 mchana. Ni saa kumi na tano za ziada, na vibanda vya intaneti vya Mlimani, Makerere na Moi vinafunguliwa kabla hazijaisha.